Thabeet, Thunder na goti la Westbrook: msimu wa 2012-13 ambao Bongo tuliupita kama hatujauona

Leo tunaweka pembeni stori za nani kaachana na nani, tunaingia kwenye historia kidogo. Vuta kiti, hii ni ndefu.

Kila picha ya Hasheem Thabeet ikitupiwa mtandaoni, maneno ni yale yale. Alichaguliwa namba 2, Stephen Curry namba 7, Memphis walipigwa. Watu wanacheka, wanasambaza, maisha yanaendelea. Wazungu ndio walianza hiyo kejeli, sisi tukaipokea na kuitia chumvi.

Ukiwauliza hao wanaocheka, "Thabeet alikuwa timu gani mwaka 2013, na ile timu ilifika wapi?" wengi kimya. Ndiyo maana naandika. Msimu wa 2012-13 Mtanzania alivaa jezi ya Oklahoma City Thunder, timu iliyoshinda mechi 60, ikapoteza 22, ikamaliza ya kwanza Kanda ya Magharibi ya NBA. Na kwenye mtoano, timu zote mbili alizokutana nazo zilikuwa timu zilizowahi kumuacha. Ukiandika filamu ya namna hiyo watu watasema umezidisha.

Alifikaje pale

Tuanzie nyuma kidogo kwa wadogo zetu ambao hawakuwepo.

Thabeet ni mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa Februari 1987. Mpira wa kikapu aliushika akiwa na kama miaka 15. Ishike hiyo namba, tutairudia mwishoni. Akapitia shule Kenya, akavuka kwenda Texas kumalizia sekondari, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut, kwa kocha Jim Calhoun. Alicheza pale misimu mitatu, na wa mwisho, 2008-09, walifika nne bora ya vyuo vya Marekani. Walitolewa na Michigan State. Kwa ulinzi jamaa alikuwa moto: futi 7 na inchi 3, ukiingia chini ya kikapu unarudishiwa mpira wako mkononi.

Juni 25, 2009, New York, usiku wa kuchagua wachezaji wapya. Namba 1 Blake Griffin, Clippers. Namba 2 Hasheem Thabeet, Memphis Grizzlies. Namba 3 James Harden, Oklahoma City Thunder. Akawa Mtanzania wa kwanza NBA.

Sasa kuna kitu watu hawakisemi. Memphis tayari walikuwa na senta, Mhispania Marc Gasol. Kiangazi hicho hicho wakamleta Zach Randolph, mtu mzito, mwenye mabega kama ya mpakia magunia. Kwa hiyo kijana ambaye hana hata miaka kumi kwenye huu mchezo kapelekwa kwenye timu ambayo nafasi yake ina mtu, na nafasi ya jirani nayo ina mtu. Mwaka wa kwanza alicheza mechi 68, wastani wa pointi 3.1. Februari 2010 wakamshusha ligi ya chini, timu ya Dakota Wizards. Mpaka wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa. Kejeli zikaanzia hapo.

Februari 2011 Memphis wakampeleka Houston Rockets, wao wakamchukua Shane Battier. Miezi miwili baadaye Memphis, walioingia namba 8, wakawatoa San Antonio Spurs waliokuwa namba 1. Houston nao Machi 2012 wakamsukuma Portland. Julai 2012 akasaini Oklahoma City. Miaka mitatu, timu nne.

Thunder walikuwa nani

Oklahoma City ni mji ambao hata Marekani kwenyewe watu walikuwa hawauongelei. Timu ilitoka Seattle mwaka 2008, ikiitwa SuperSonics. Msimu wa kwanza Oklahoma walishinda mechi 23, wakafungwa 59. Vibonde kabisa.

Ila bosi wa usajili, Sam Presti, alikuwa anajenga kimya kimya kupitia vijana. Kevin Durant, Russell Westbrook, Serge Ibaka kutoka Kongo-Brazzaville, kisha Harden. Wote vijana wadogo. Mwaka 2012 wakafika fainali ya NBA, wakafungwa 4-1 na Miami Heat ya LeBron James. Dunia nzima ikasema sawa, wamefungwa leo, lakini miaka kumi ijayo ni ya hawa watoto.

Hapo ndipo pesa ilipoingia.

Durant na Westbrook walishakuwa na mikataba mikubwa. Agosti 2012 Ibaka naye akasaini. Akabaki Harden, mchezaji bora wa akiba wa ligi msimu uliopita. Klabu ikaweka mezani pesa yake, yeye akataka kile anachoamini anastahili, hawakukubaliana. Oktoba 27, 2012, siku chache kabla ligi haijaanza, Harden akapelekwa Houston. Wakaja Kevin Martin, kijana Jeremy Lamb na haki za kuchagua wachezaji siku za mbele.

Hapa kuna kitu kidogo ambacho mimi nakipenda. Kuanzia Julai hadi Oktoba 2012, namba 2 na namba 3 wa mwaka 2009 walikuwa timu moja. Thabeet na Harden, jezi moja, mazoezi mamoja. Mmoja alikuwa anatafuta mahali pa kupumua baada ya kutupwa tupwa, mwingine anaondoka kwenda kuwa mfalme. Mechi yake ya kwanza Houston Harden alitupia pointi 37.

Na mimi nasema, tunaposema "fulani alifeli, fulani akafaulu", tunasahau nani alipewa nini. Harden alikaa miaka mitatu kwenye timu ileile, kocha yuleyule, pembeni ya Durant. Thabeet kwa miaka hiyo hiyo mitatu alikuwa anafungua na kufunga begi. Simtetei, maana udhaifu alikuwa nao na tutausema. Ila mizani iwe moja.

Mechi 82

Watu walidhani bila Harden timu itayumba. Wapi! Mapema msimu ule walishinda mechi 12 mfululizo. Durant alimaliza na wastani wa pointi 28.1, na akafanya kitu ambacho wachezaji wachache sana wamewahi kukifanya: zaidi ya asilimia 50 ya mitupo ya kawaida, zaidi ya 40 ya pointi tatu, zaidi ya 90 ya mitupo huru, msimu mzima. Westbrook pointi 23.2 na asisti 7.4. Ibaka aliongoza ligi nzima kwa bloku, wastani wa 3 kwa mechi. Kevin Martin, aliyekuja badala ya Harden, pointi 14 akitokea benchi.

Na Mbongo wetu? Mechi 66. Dakika kama 12 kwa mechi, pointi 2.4, ribaundi 3. Senta wa kuanza alikuwa Kendrick Perkins, Thabeet ndiye anampokea.

Najua kuna mtu atasema, "Pointi mbili! Ndiyo unatuandikia makala?" Tulia mkuu. Kazi ya senta wa akiba kwenye timu ile haikuwa kufunga. Durant na Westbrook wanatosha kwa hilo. Kazi ilikuwa kusimama kati, kuzuia njia, kuweka kizingiti ili mwenzako apite, kugombea mipira inayodunda, na kupokea madhambi ili Perkins asitolewe mapema. Huku Karatu tunaielewa hiyo kazi vizuri. Mtalii akirudi kwao anamsifu simba na kreta. Fundi aliyelala chini ya gari usiku mzima anabadilisha springi, ili asubuhi Landcruiser ishuke ukutani salama, hayumo kwenye picha yoyote. Lakini bila yeye hakuna safari.

Na udhaifu wake, kama nilivyoahidi. Madhambi alikuwa anafanya haraka mno. Mikono yake kwenye kudaka pasi ya ghafla haikuwa ya uhakika. Miguu ilikuwa mizito kumfuata mchezaji mdogo anayekimbia pembeni. Na bahati mbaya ligi yenyewe ilikuwa inageuka: timu zilianza kupanga watu wafupi, wepesi, wanaotupia kutoka mbali. Senta wa kusimama chini ya kikapu akaanza kuonekana kama simu ya vitufe. Thabeet aliingia NBA mlango ukiwa unafungwa.

Pamoja na hayo, timu iliyoshinda mechi 60 ilimtumia mara 66. Timu ya namna ile haimpangi mtu kwa kumuonea huruma.

Houston: usiku wa goti

Mtoano wa NBA, kwa msiofuatilia, mnacheza hadi mechi saba, wa kwanza kushinda nne anasonga. Thunder namba 1 wakapangiwa namba 8. Namba 8 alikuwa nani? Houston Rockets. Ya Harden. Timu iliyomtema Thabeet mwaka mmoja nyuma.

Mechi ya kwanza, Aprili 21, 2013, ilikuwa mauaji: 120-91. Watu wakaanza kuhesabu siku za kwenda fainali.

Mechi ya pili, Aprili 24. Robo ya pili Westbrook anaukokota mpira kuelekea pembeni, anataka kuomba muda wa mapumziko. Mchezo ni kama umeshasimama. Patrick Beverley, kijana mgeni kwenye ligi ambaye hakuna aliyekuwa anamjua, akajitupa kuuiba mpira. Akagongana na goti la kulia la Westbrook. Westbrook alipiga meza ya waamuzi kwa hasira, akachechemea, akarudi, akaendelea kucheza. Alimaliza na pointi 29. Thunder wakashinda 105-102.

Baadaye vipimo vikatoka: gegedu la ndani ya goti limechanika. Upasuaji. Msimu kwisha.

Muelewe uzito wake. Tangu aingie NBA mwaka 2008, Westbrook hakuwahi kukosa hata mechi moja. Mechi 394 za ligi mfululizo, weka na zote za mtoano. Hawakuwa wamewahi kujifunza kuishi bila yeye, kwa sababu haikuwahi kutokea hata siku moja. Ni kama familia ambayo mama hajawahi kuumwa. Siku akilazwa, hakuna anayejua hata chumvi inawekwa wapi.

Mechi ya tatu, Houston. Durant pointi 41. Waliongoza kwa mbali sana, wakarudishwa, wakapitwa, halafu dakika ya mwisho Durant akarusha pointi tatu, mpira ukagonga chuma, ukaruka juu kabisa, ukarudi, ukaingia. 104-101. Tatu bila.

Mechi ya nne, 105-103, Houston. Sekunde za mwisho Ibaka alikuwa na mpira chini ya kikapu, kitu cha kuweka tu. Haukuingia.

Mechi ya tano, nyumbani Oklahoma, kocha Scott Brooks akaamua kumchezea makusudi madhambi senta wa Houston, Omer Asik, kwa sababu ni mbovu wa mitupo huru. Akili nzuri kwenye karatasi. Asik akatupia 13 kati ya 18. Houston 107, Thunder 100. Aisee, jumba zima lilipoa.

Ya sita, Mei 3, ndiyo wakamaliza kazi, 103-94. Na shujaa wa usiku ule pembeni ya Durant alikuwa Kevin Martin, pointi 25. Mtu aliyeletwa badala ya Harden kamfunga Harden na kumtoa mashindanoni. Nne kwa mbili.

Memphis: kumbukumbu ya kwanza

Raundi ya pili ndiyo inayonifanya niiite hii stori yetu. Memphis Grizzlies. Waliomchagua namba 2. Marc Gasol, mtu yuleyule aliyekuwa mbele ya Thabeet mwaka 2009, mwaka huo alikuwa ametangazwa mlinzi bora wa ligi nzima. Randolph bado yupo na mabega yake. Yaani wale wawili waliomfunika kijana wetu Memphis walikuja kuthibitisha kwa dunia kuwa kufunikwa nao haikuwa aibu.

Mechi ya kwanza, Mei 5, Thunder 93-91. Durant pointi 35, mtupo wa kuongoza zikiwa zimebaki sekunde 11. Watu wakapumua: labda Durant peke yake anatosha.

Hakutosha. Hakuna mtu peke yake anayetosha mbele ya timu kama ile. Memphis walikuwa wanacheza mpira wa kusaga. Taratibu, wanakukaba, wanakuegemea, wanakuchosha. Tony Allen anakuganda kama kupe. Ukipita, Gasol yuko pale. Bila Westbrook, Durant alikuwa anapandisha mpira mwenyewe, anapanga mwenyewe, anafunga mwenyewe, halafu anakimbia kulinda. Umewahi kuona lori la vitunguu la Mang'ola likipanda mlima na mzigo wa malori mawili? Linafika katikati, moshi unatoka, dereva hana gia nyingine ya kushuka.

Mechi ya pili, Memphis 99-93, Mike Conley pointi 26. Ya tatu, 87-81. Kwenye hiyo ya tatu Durant, mtu wa asilimia 90 za mitupo huru, alikosa miwili mfululizo zikiwa zimebaki sekunde 39. Uchovu hauna adabu. Ya nne ilienda muda wa nyongeza, Memphis 103-97.

Ya tano, Mei 15, 2013, Oklahoma. Randolph pointi 28 na ribaundi 14. Durant mitupo 21, imeingia 5. Mwishoni alipata nafasi ya kusawazisha, mpira ukagoma. 88-84. Nne kwa moja. Memphis wakaingia fainali ya Kanda kwa mara ya kwanza katika historia yao, ambako Spurs waliwafunga zote nne. Ubingwa ukabaki kwa Miami.

Thabeet? Dakika zake kwenye mtoano ule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Brooks aling'ang'ana na Perkins, mpaka mashabiki wa Oklahoma wakawa wanapiga kelele kumlaumu. Kwa hiyo mtu wetu alikaa benchi akiwatazama Gasol na Randolph wakiizika timu yake.

Kwa saa za huku, mechi ya saa mbili na nusu usiku kule Oklahoma ni saa kumi na nusu alfajiri Karatu. Ndiyo saa ambayo mjini hapa madereva wanapasha injini, wapishi wa loji wanakaanga mayai, wageni wapewe boksi zao za chakula wawahi geti la Loduare kabla ukungu haujapanda. Mji uko macho! Ila muulize yeyote wa kijiwe cha stendi kama alijua kwamba saa ile Mtanzania yuko kwenye benchi la timu namba moja ya Magharibi. Watu walijua Chelsea imecheza na nani. Hii hatukuifuatilia.

Wazee wa huku walishatupa mizani

Kuna kitu cha ajabu. Watu wa Karatu na Mbulu ndio hatukutakiwa kabisa kuingia kwenye hiyo kejeli ya Thabeet. Sisi tuna historia yetu inayotufundisha tofauti.

Mexico, 1968. Mbio ndefu za Olimpiki. John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, anaanguka njiani, goti linaumia vibaya. Sikiliza hilo neno: goti. Wenzake 18 kati ya 75 waliacha mbio siku ile. Mwethiopia Mamo Wolde alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaingia, goti limefungwa bandeji, anachechemea. Nafasi ya 57, ya mwisho. Leo dunia ikiongelea mbio zile, jina la kwanza kutajwa ni lake, siyo la mshindi. Kwa nini? Kwa sababu alimaliza alichotumwa.

Halafu Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu hii hii. Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, mita 1500. Aliongoza mwanzo hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand aliyekuwa nyuma yake naye aliipita rekodi ya zamani, na bado hakumkamata. Miaka miwili baadaye dunia ikasubiri wakutane tena Olimpiki ya Montreal. Hawakukutana. Nchi za Afrika ziligoma kwa sababu New Zealand walikuwa wamepeleka timu ya ragbi Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu, Bayi hakukimbia. Medali yake ya Olimpiki ilikuja Moscow 1980, fedha, mita 3000 kuruka viunzi na maji.

Kuna mtu huku anamuita Bayi aliyefeli? Thubutu! Tunaelewa kwamba kulikuwa na mambo makubwa kuliko miguu yake. Tunamuelewa Akhwari na goti lake. Basi tunashindwa nini kumuelewa Thabeet, aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 na akapelekwa nyuma ya mlinzi bora wa ligi? Tunashindwa nini kuielewa Thunder, iliyovunjwa na mkataba mmoja wa Oktoba na goti moja la Aprili?

Mimi jibu langu ni hili. Bayi na Akhwari tumesimuliwa na baba zetu, kwa Kiswahili, na kwa Kiiraqw kwa wenye lugha yao. Thabeet tumesimuliwa na wageni, kwa orodha zao za "waliofeli zaidi". Mtu akikusimulia ndugu yako, anakupa na kicheko chake humo humo. Usipokuwa na stori yako mwenyewe utaishia kucheka naye.

Kilichofuata

Msimu wa 2013-14 Thabeet alibaki Oklahoma, akacheza mechi 23 tu. Haki mojawapo waliyoipata kwenye biashara ya Harden ndiyo iliyomleta senta kijana, Steven Adams, na nafasi ikaisha. Thunder walifika fainali ya Kanda, Spurs wakawatoa 4-2. Agosti 2014 akapelekwa Philadelphia na kuachwa hapo hapo. Baada ya hapo akaendelea na mpira: ligi ya chini Marekani, Japani, Taiwan. Mtu wa umri wake, wengi walishastaafu wanachambua mpira kwenye sofa, yeye alikuwa bado anafunga viatu.

Harden akawa mchezaji bora wa NBA 2018. Durant akaondoka Oklahoma 2016, Westbrook 2019. Wale watoto wa miaka kumi ijayo hawakushinda ubingwa pamoja hata mmoja. Ulikuja Juni 2025, bosi akiwa Sam Presti yuleyule na kikosi kipya kabisa: mechi ya saba, Indiana Pacers, 103-91. Ndiyo ubingwa wa kwanza tangu timu ihamie Oklahoma.

Sasa tuongee sisi kwa sisi

Nilisema tutarudi kwenye ile namba 15. Hiyo ndiyo stori yote.

Thabeet hakukosa urefu. Hakukosa moyo. Alikosa miaka. Mtoto wa Marekani anayefika NBA kauzoea mpira tangu darasa la kwanza, mikono yake inadaka bila kufikiri. Ile mikono ya Thabeet iliyokuwa inapoteza pasi ilikuwa inalipa deni la miaka ambayo hakuna aliyempa mpira.

Tembea Karatu siku ya mnada uangalie vijana. Wairaqw, Wadatoga, Wamasai wanaoteremka kutoka Ngorongoro. Warefu, wepesi, mapafu ya kupanda milima tangu utotoni. Kisha pita shuleni uangalie goli la kikapu: mara nyingi halipo, au limebaki chuma kilichopinda, wamefungia kamba ya kuanikia nguo. Mpira wa kikapu wenyewe utoke wapi? Anayeonekana mrefu sana anaambiwa akawe askari au akalinde loji.

Na mlango siku hizi uko karibu kuliko wakati wa Thabeet. Ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ilianza Kigali mwaka 2021, hapo jirani tu. Patriots ya Rwanda ilifika nusu fainali mwaka ule ule. City Oilers ya Uganda ikaingia 2023, Nairobi City Thunder ya Kenya 2025. Ndiyo, hata hao jina lao ni Thunder. Siyo lazima tena mtoto avuke bahari akiwa peke yake ili aonekane.

Kwa hiyo mdau, ukiona tena ile picha ya namba 2 na namba 7, kabla hujacheka jiulize: kwenu kuna mtoto wa miaka saba mwenye mpira? Kama hakuna, basi Thabeet mwingine atafika kule akiwa na deni lile lile, na tutamcheka tena kana kwamba siyo sisi tuliomkopesha.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe ungekuwa Presti, Oktoba 2012, ungemlipa Harden au ungemuachia? Na shule uliyosoma ilikuwa na goli la kikapu? Dondosha hapo chini, na taja na kata yako tujue tunaanzia wapi.